Milimita Saba na Swali la Tisa

Hadi mwezi wa pili mwaka huu, Méthode alikuwa mtu pekee mtaani kwake Kinanira asiye na ugonjwa wa kuzungumzia. Jirani wa juu alikuwa na kisukari. Jirani wa chini alikuwa na jiwe lililotoka kwenye figo yake. Alilihifadhi ndani ya kichupa, na mgeni hakupewa kiti kabla ya kuonyeshwa jiwe. Méthode, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, alikaa kwenye mazungumzo hayo kama mtu aliyefika harusini bila zawadi.

Kisha akateleza kwenye matope, katika mazishi ya mtu ambaye hata hakumpenda, akapiga kisogo chini, akapelekwa kupigwa picha ya kichwa. Kisogo hakikuwa na neno. Lakini picha ilionyesha jambo jingine lisilohusiana na kuteleza kwake. Ndani ya ubongo, mahali mshipa mmoja wa damu unapogawanyika, ukuta wa mshipa ulikuwa umetuna. Fundi wa picha alimweleza kwa lugha ya mjini: kama tyubu ya baiskeli inavyochungulia kwenye tairi lililochakaa. Inaweza kuchungulia hivyo miaka arobaini. Inaweza pia kupasuka kesho. Ukubwa wake milimita saba.

Wiki moja haikupita, mtaa mzima ulijua zile milimita saba. Méthode alizipima mezani kwa rula ya mwanawe Armel, akawalinganishia wageni na punje ya harage, na harage lilipoonekana kubwa mno, akatafuta lililo dogo, kwa sababu hakupenda kusema uongo. Mwenye jiwe aliacha kuja.

Hayo yalikuwa mambo ya barazani. Bafuni mambo yalikuwa mengine. Sabuni ikianguka hakuinama kuiokota. Chafya ikija aliibana pua kwa vidole viwili mpaka machozi yakamtoka, na mkewe Consolate, mwalimu wa darasa la nne, akamwambia kwamba tairi lililochakaa halitengenezwi kwa kuziba mdomo wa pampu.

Miaka thelathini sasa Méthode alikuwa karani wa kuandikisha vizazi na vifo, katika ofisi ambayo watu wote huiita etasivil. Mikono yake ilikuwa imewaandika wafu wengi kuliko makaburi yoyote ya mjini. Penye nafasi ya sababu ya kifo aliandika kile familia ilichokubaliana huko nje, kwenye benchi, kabla ya kuingia. Wengi walikubaliana "ugonjwa". Waliogombana waliambiwa warudi wakishapatana. Kwa Méthode, ukweli wa kifo ulikuwa jambo la mapatano, kama mahari.

Kliniki ilimpa miadi na Docteur Mahfudha, daktari bingwa wa ubongo, binti wa wauza vitambaa wa zamani mjini, aliyesoma ng'ambo na kurudi. Muuguzi alimkabidhi karatasi yenye maswali kumi ya kujaza nyumbani.

"Muzee, jaza yote," muuguzi alisema. "Lakini la tisa ndiyo usiliruke. Kama kwenu hakuna mutu alikufa gafla, docteur anaweza sema tungoje, tupige picha kila mwaka. Kama wako wawili, haangojaki. Anafungua kichwa."

"Anafungua na nini?"

"Muzee, we jaza karatasi."

Bujumbura haoi mtu wala hazikwi mtu bila kamati, na Méthode hakuona kwa nini ubongo wake ushughulikiwe kwa heshima ndogo kuliko harusi ya mpwa. Jumapili baada ya misa aliita kikao sebuleni. Mwenyekiti alikuwa Sylvère, rafiki yake tangu shule, msemaji wa posa anayetafutwa kuliko wote kusini mwa mji. Familia ikienda kuomba mchumba haisemi yenyewe. Inasemewa, na Sylvère alikuwa na kipaji cha kuzungumza saa moja na nusu juu ya mvua, urafiki na ng'ombe waliopotea malishoni, bila kumtaja msichana hata mara moja. Katika kazi hiyo, anayekwenda moja kwa moja kwenye shida yake ni mshamba. Méthode alikuwa amemwomba amsemee kwa daktari.

Mjumbe mwingine alikuwa Daphrose, dada mkubwa wa Méthode, mfanyabiashara wa magodoro huko Cibitoke. Alifika amefunga kitambaa kichwani kwa nguvu. Consolate alikuwa katibu, kwa sababu mwandiko wake unasomeka.

"Swali la tatu," Consolate alisoma. "Unavuta sigara?"

"Andika: mara chache, kwa kuheshimu wageni," Sylvère akasema.

"Pakiti moja kila siku mbili," Consolate akasema huku akiandika.

"Wageni wako wengi," Méthode akasema.

"Swali la sita. Umewahi kuumwa kichwa ghafla na kutapika?"

Sylvère aliinua mkono. "Kutapika toa. Mbele ya mwanamuke msomi hatutapikaki. Sema: tumbo lilikataa kupokea mugeni."

"Docteur atajua mugeni ni nani?"

"Ataelewa polepole. Kuelewa polepole ndiyo adabu."

Wakafika la tisa. Consolate alilisoma taratibu kama anavyosomea watoto imla. "Je, baba, mama, ndugu wa kuzaliwa au mtoto wako alikufa ghafla? Alikuwa na umri gani? Alikuwa katika hali gani saa zake za mwisho?"

Daphrose aliweka chupa yake ya Fanta mezani.

"Andika sumu," alisema.

Hapa inafaa msomaji ajue jambo ambalo kila mtu katika sebule ile alilijua. Miaka ishirini na miwili iliyopita, baba yao, mzee Nestor, alikwenda Buterere kumtembelea mdogo wake Jovithe, mkulima wa mpunga. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mzima, anatembea. Kabla ya jua kufika kichwani alikuwa maiti. Familia ilikutana, ikakubaliana: Jovithe alimpa kaka yake pombe ya ndizi bila kuionja kwanza yeye mwenyewe, kama mwenyeji anavyopaswa kufanya mbele ya mgeni ili kuonyesha kwamba hakuna kitu ndani. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo aliyekunywa hata maji Buterere. Miaka tisa iliyopita, Christa, mdogo wao wa mwisho, alianguka akianika nguo, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, akafa kabla ya nguo kukauka. Hilo nalo likawekwa kwenye hesabu ya Jovithe, na safari hii mkosaji alikuwa mkewe. Kwamba mke huyo alikuwa Kigoma mwezi mzima kwa dada yake, familia haikuliona kuwa kikwazo. Sumu ya watu wabaya, Daphrose alieleza, haihitaji pasipoti.

"Andika," Daphrose alirudia. "Wawili, sumu, Jovithe. Weka na namba ya simu yake, docteur akitaka kuuliza."

"Swali linauliza walikuwa katika hali gani," Consolate akasema. "Haliulizi nani."

"Mama Armel, we uliolewa humu. Mambo ya damu yetu utuachie."

"Damu yenu ndiyo docteur anaiuliza. Christa alishika kichwa, mi nilikuwa pale. Alipiga kelele 'kichwa', akaanguka."

"Kichwa hakiuwaki mutu! Mi mwenyewe kinaniuma tangu Pasaka, kinapiga huku nyuma kama mutwangio. Nimekufa? Niko hapa nakunywa Fanta."

Wote wakamgeukia Méthode, mwenye kichwa chenyewe. Naye alikuwa anapiga hesabu. Watu wawili waliokufa kwa kichwa ni kisu. Watu wawili waliokufa kwa sumu ni picha moja kila mwaka, chai ya asubuhi kama kawaida, na milimita saba za kuwaonyesha wageni mpaka uzeeni. Hakuwahi kuona sumu yenye faida kama ile.

"Familia imekwisha kusema," alitamka kwa sauti ya ofisini. "Tuandike sumu."

Sylvère akasifu umoja wa ukoo, kikao kikafungwa, na Daphrose akamaliza Fanta.

Consolate hakubishana. Alingoja siku mbili, na asubuhi ya Jumanne akaiweka ile karatasi kando ya kikombe cha mumewe.

"Kuna nafasi imebaki wazi. Hali ya saa za mwisho, ya baba. Nani alikuwa pale?"

"Unajua ni nani."

"Basi uende umuulize."

"Mi? Buterere? Daphrose akisikia..."

"Baba Armel, nisikilize vizuri." Alikuwa akifunga vifungo vya koti lake la shule, hakumtazama. "Ukinifanya mujane kwa sababu unaogopa dada yako, siku ya mazishi mi sitapitia kwa Sylvère. Nitasimama mwenyewe mbele ya padri na watu wa ofisi yako, niseme sababu. Nitasema: ameuawa na ubishi. Na nitaenda etasivil niandikishe hivyo."

Méthode alimjua mkewe. Aliliona neno hilo kwenye daftari, katika mwandiko wa karani mwenzake Massoudi, ambaye angelirudia kwenye kila baa ya mji mpaka anazeeka. Jumatano akaomba ruhusa kazini.

Mafuta ya magari yalikuwa yamekosekana wiki ya tatu, kwa hiyo kutoka sokoni hadi Buterere alitembea, polepole, mkono mmoja umeshika kisogo, kama mtu aliyebeba yai kwenye kofia. Mvua ilikuwa imenyesha. Njia ya kwenda kwa Jovithe ilipita kwenye kingo za mashamba ya mpunga, na kwenye kuta za nyumba alama ya mafuriko ya mwaka uliopita ilikuwa usawa wa kiuno. Viatu vya ofisi vilizama mara mbili. Mara ya pili kimoja kilibaki, akalazimika kuinama kukichukua, na aliinama kwa sala.

Jovithe alikuwa uani, mzee mwembamba wa karibu miaka sabini, anapepeta mchele kwenye ungo. Hakuacha kupepeta.

"Aa, mwana wa kaka. Umekuja kuzika nani?"

"Hakuna, baba mudogo. Nimekuja na karatasi."

"Ya polisi?"

"Ya docteur."

Mzee aliweka ungo chini. Akaita ndani waletewe kiti na pombe. Ikaja pombe ya ndizi kwenye kikombe cha plastiki cha kijani. Jovithe alikishika kwa mikono miwili, akamtazama Méthode machoni, akanywa. Akafuta mdomo. Akanywa tena. Akanywa ya tatu, ndefu, mpaka koo likasikika.

"Ngoja kidogo," alisema. "Sumu ya kwangu inachelewaka. Wanasema inaweza kufika mutu akianika nguo."

"Baba mudogo..."

"Sasa kunywa."

Méthode akajikuta penye njia panda ambayo hakuna kamati iliyomwandaa kuikabili. Muuguzi alikuwa amemkataza pombe mpaka siku ya miadi, kwa ajili ya presha.

"Docteur amenikataza bia," alisema, na papo hapo akasikia jinsi maneno yanavyosikika.

"Eee. Miaka ishirini na mbili, kila mutu wa kwenu akifika hapa karibu, docteur amemukataza bia. Ni bia ya kwangu tu hao madocteur wanajuaka."

Méthode akapokea kikombe, akapiga funda moja. Akangoja. Jovithe naye akangoja, kwa furaha ya wazi. Mshipa haukupasuka. Pombe ilikuwa tamu.

Ndipo akaeleza: matope, picha, tyubu ya baiskeli, milimita saba. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze hakutafuta harage. Akasoma swali la tisa, na sauti yake ikapungua kabla hajafika mwisho.

"Kwa hiyo," Jovithe alisema, "muliniita mulozi kwa mudomo tu, hakuna aliyekuja kuniuliza. Leo karatasi imekosa maneno ya kujaza, ndiyo munakumbuka nilikuwa pale."

"Ndiyo, baba mudogo."

"Angalau unasema ndiyo. Andika basi. Baba yako alifika asubuhi. Nilimuletea kikombe, nikakishika hivi, nataka kuonja. Akasema, 'Jovithe, acha, sinywi, kichwa.' Hakunywa. Unanisikia? Kikombe kilikuwa mikononi mwangu, hakikufika kwake. Akashika hapa nyuma, akageuka, akaniuliza, 'Nani amenipiga?' Hakuna mutu nyuma. Akatapika. Akalala akaanza kukoroma kama mutu amelima siku nzima. Nilikimbia barabarani kutafuta gari, nikarudi bila gari. Nilikaa nimemushika kichwa. Kabla ya saa sita, basi."

Méthode aliandika "alitapika". Hakuandika mgeni wala tumbo.

"Kuna kingine," mzee akasema. "Aliniambia alipita kwako ofisini juzi yake. Alikuambia kichwa kinamupasua, umupeleke hospitali. Ukasema kuna watu kwenye musitari. Ukafungua kabati, ukamupa vidonge viwili."

Kalamu ilisimama. Vidonge vilikuwa vya maumivu, vyeupe, vimefungwa kwenye kipande cha fomu iliyoharibika. Méthode alijua hata ilikuwa fomu gani: ya kuzaliwa. Alijua siku ile na hakuwahi kuisahau, na ndiyo maana kwenye kikao cha kwanza cha familia, mtu alipotamka neno sumu, yeye, msomi wa ukoo, alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Kwa nani? Walikuwa wanapiga kelele. Nikakuangalia, umesimama na tai shingoni, unatetemeka. Nikasema moyoni, acha waseme Jovithe ni mulozi, mi nina mpunga, mpunga hausikilizaki watu. Huyu kijana akisemwa alimurudisha baba yake na vidonge viwili, ataishi aje? Nilizani mutachoka baada ya mwaka moja." Akachukua ungo wake. "Muko na nguvu, familia hii. Ingekuwa kulima, mungekuwa matajiri."

Méthode angepaswa kupiga magoti, au kulia, au kusema neno kubwa. Lakini miaka thelathini ya etasivil haimtoki mtu kwa funda moja la pombe. Aligeuza karatasi upande wa pili akasema, macho chini, "Baba mudogo, nitaomba utie sahihi hapa. Kama shahidi."

Jovithe alicheka mpaka mchele ukamwagika.

"Shahidi wa nini? Kwamba niliua ama sikuua?"

"Kwamba hukuua."

"Andika na tarehe," mzee akasema, akachukua kalamu.

Siku ya miadi Sylvère alifika kliniki amevaa suti ya posa, na ua kwenye kola. Daphrose hakualikwa, akaja. Alisema hawezi kumwacha ndugu yake mikononi mwa watu wasiojua historia. Consolate alibeba bahasha ya picha, orodha ya dawa, na karatasi ya maswali, ambayo majibu yake alikuwa ameyasahihisha usiku wa Jumatano bila kuitisha kikao.

Docteur Mahfudha alikuwa mwanamke mfupi mwenye mtandio wa kijivu na saa kubwa mkononi. Aliangalia watu wanne wakiingia kwenye chumba chenye viti viwili.

"Mgonjwa ni yupi?"

Sylvère akainuka, akakohoa kidogo.

"Docteur wetu, mvua imenyesha mwaka huu, na mvua ikinyesha jirani hukumbuka jirani. Sisi ni watu wa amani. Tulikuwa na ng'ombe, ng'ombe mzuri, hakuwahi kukosa maziwa. Siku moja mchungaji akahisi kwamba zizini, kwa mbali..."

"Mzee, ng'ombe ana shida gani?"

"Bado hatujafika kwenye ng'ombe, Docteur. Tuko kwenye mvua."

"Nina wagonjwa kumi na wanne leo. Ng'ombe wangapi walikufa ghafla kwenye zizi hili?"

Sylvère, ambaye hakuwahi kukatizwa na wakwe wakali wa Gitega, alikaa chini. Daphrose akaingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

"Wawili, Docteur. Lakini si ugonjwa. Walilishwa sumu na baba mudogo. Tunaye, yuko Buterere, hajakimbia."

Daktari aligeuza macho kwa Méthode. "Mzee, ni wewe unaumwa. Baba yako alikufaje?"

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Kisu kilikuwa upande mmoja, Daphrose upande wa pili, na Daphrose alikuwa karibu zaidi. Méthode alimtazama Sylvère kwa mazoea, kama mtu anayetafuta kofia yake. Sylvère alikuwa anatazama dari.

"Kichwa," Méthode alisema. "Alishika kisogo, akauliza nani amempiga. Akatapika. Akakoroma, akafa. Hakunywa kitu. Siku mbili kabla alikuja ofisini kwangu akaniambia kichwa, nikampa vidonge viwili, kwa sababu kulikuwa na watu kwenye mstari." Akavuta pumzi. "Na mdogo wangu Christa, kichwa pia. Mke wangu alikuwepo."

Daphrose alikuwa amefungua mdomo na kuusahau wazi.

"Umri?" daktari akauliza, akiandika.

"Hamsini na mmoja. Thelathini na sita."

"Sahihi hii ya nyuma ni ya nani?"

"Ya shahidi. Baba mdogo Jovithe."

"Wagonjwa wangu hawaniletei mashahidi. Natamani wangeniletea." Aliweka picha kwenye taa, akaonyesha kwa ncha ya kalamu ile punje ndogo yenye kivuli. "Ungekuwa peke yako, milimita saba mahali hapa tungejadiliana. Na baba na dada nyuma yako, sijadiliani. Nitafungua, nitaweka kibanio kidogo kwenye shingo ya kivimbe, damu isiingie tena. Tarehe kumi na nne. Upasuaji una hatari zake, nitawaeleza wewe na mama hapa, wote wawili, bila mvua. Sigara inaisha leo."

"Hata kwa wageni?" Méthode aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata kwa maaskofu."

Consolate alimshika mkono chini ya meza, kwa nguvu iliyofanana na kumkamata. Docteur Mahfudha alikuwa ameanza kujaza karatasi nyingine.

"Hii ni ya nani?" Daphrose akauliza.

"Yako, mama. Ndugu wa kuzaliwa wote wanapigwa picha. Hicho kitambaa umekifunga hivyo kwa sababu gani?"

"Ni mutindo."

"Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo tu. Tangu Pasaka."

Daktari aliandika neno moja juu ya karatasi na kulipigia mistari miwili chini yake, na kwa mara ya kwanza Daphrose hakuuliza lina maana gani.

Kwenye korido alimgeukia mdogo wake. Alikuwa amekunja karatasi mara nne.

"Kwa hiyo miaka ishirini na mbili tumekosa mchele wa Buterere bure? Nilinunua mchele sokoni, wenye mawe, kwa miaka ishirini na mbili?"

"Ndiyo, Daphrose."

"Na we ulijua."

"Nilijua vile vidonge. Vingine sikutaka kujua."

"Mushenzi."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo ndiyo kama mutu wa maana!" Lakini miguu yake ilikuwa inaelekea kwenye dirisha la skana, mashine ya picha za kichwa, haraka kuliko watu waliokuwa mbele yake, na aliwapita watatu akisema ana haraka ya docteur.

Nyuma ya kioo alikaa kijana mwenye miwani, karani wa dirisha, vidole juu ya kibodi.

"Jina, mama?"

Alitaja.

"Kwenye familia kuna nani alikufa gafla?"

"Baba."

"Alikufa na nini?"

Mstari mzima ulikuwa nyuma yake: wanawake wenye bahasha, mzee mwenye fimbo, mpishi mmoja wa Cibitoke aliyenunua magodoro mawili kwa Daphrose na anayejua habari za Jovithe tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa Daphrose mwenyewe ndiye aliyemsimulia. Sylvère alivuta pumzi kuanza. Consolate alimkanyaga kiatu. Méthode alisogea hatua moja, kisha akabaki palepale.

"Mama? Baba alikufa na nini?"

Daphrose alishika ukingo wa dirisha. Alimtazama karani, akaangalia chini, akalegeza fundo la kitambaa kichwani pake.

"Kichwa," alisema. "Andika kichwa."

Karani akaandika. "Na mwingine?"

"Dada yetu, Christa. Yeye usiandike kitu kwanza," Daphrose akasema. "Huyo tunamufikiria bado."